Mtindo wa chura: anzia miguuni

Februari 2024, Mholanzi Tes Schouten alitwaa ubingwa wa dunia wa kuogelea mita 200 mtindo wa chura kwa wanawake huko Doha kwa 2:19.81, na mwaka huohuo akachukua shaba ya Olimpiki mjini Paris kwa 2:21.05. Ukipata video ya mbio zake, acha kwanza mikono, tazama nyayo. Mtindo huu unakwenda kwa miguu, na ndipo wengi wetu tuliojifunzia bahari ya Tanga tunapokwama: mguu mmoja unapiga chura, mwingine unapiga mkasi.

Anzia nchi kavu. Lala kifudifudi kwenye benchi, miguu ining'inie. Vuta visigino kuelekea makalioni, magoti yaachane kwa upana wa nyonga, yasizidi sana. Sasa geuza nyayo zitazame nje, kama za bata. Hapo usiharakishe, maana nyayo zisipogeuka, unasukuma maji kwa vidole tu na hupati kitu. Sukuma nje na nyuma kwa mviringo, ufunge miguu mpaka vidole gumba viguse. Mara 10, pumzika, rudia mara 4.

Majini, kwenye ufuo wa Raskazone hapo Tanga, chagua siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, lina mkondo, na likipwa unabaki na matope. Ingia maji yakikaribia kujaa, yakufike kifuani, uogelee sambamba na ufuo, mwenzako akikutazama. Shika mbele chupa mbili tupu za lita 1.5, vifuniko vikazwe, upige miguu peke yake. Dumu la lita 5 halifai: linanyanyua kifua, miguu inazama.

Miguu ikitii, ongeza mikono: vuta, pumua, piga, teleza. Viwiko visipite mbavu. Vikipita, mikono inachelewa kurudi na mwili unasimama. Wakati wa kuteleza, nyosha mwili wote, uso majini, uhesabu moja, mbili. Anayeogopa kuzamisha uso hushusha nyonga, akawa kama anapanda ngazi.

Kwa mashindano, gusa ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja kila unapogeuka na unapomaliza. Mkono mmoja ukitangulia, umeondolewa.

Goti likiuma upande wa ndani, acha mazoezi siku hiyo. Ukirudi, punguza nguvu na uangalie magoti: mara nyingi umeyatanua mno.