Kubadilisha kompyuta ya injini kwenye pikapu ya haibridi: Chevrolet Silverado ya 2009 hadi 2013

Silverado Hybrid iliyotengenezwa kati ya 2009 na 2013 ni pikapu yenye injini ya V8 ya lita 6.0, betri ya takriban volti 300 iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma, na mota mbili za umeme zilizomo ndani ya giaboksi. Magari haya sasa yamezeeka, na huko Marekani, yalikouzwa, mengi yamefikia umri ambao waya na viunganishi vyake vimeanza kuchoka. Injini ikizima ghafla barabarani, au ikikataa kuwaka asubuhi, lawama hupelekwa haraka kwa kompyuta ya injini. Maelezo haya yanaeleza namna ya kuibadilisha, lakini yanaanza na upimaji, kwa sababu kompyuta nyingi hung'olewa zikiwa nzima kabisa na tatizo hubaki palepale.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba pikapu hii haina stata wala alteneta ya kawaida. Injini huzungushwa na mota zilizomo kwenye giaboksi, nazo hupata nguvu kutoka kwenye betri kubwa, ilhali betri ndogo ya volti 12 huchajiwa na kifaa kinachoshusha umeme huo wa volti 300. Kwa hiyo betri kubwa ikidhoofika, au kifaa hicho kikiharibika, injini haitawaka hata kama kompyuta yake haina kasoro yoyote. Vilevile gari lina kompyuta kadhaa: moja ya injini, nyingine zinazoongoza mota na mfumo wa haibridi, zilizomo ndani ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota), na nyingine inayosimamia betri kubwa. Soma misimbo ya hitilafu ya kila moja kwa mashine inayozifikia zote, kwa maana kile kipimaji cha bei ndogo kinachosoma injini peke yake kitakuonyesha nusu ya habari.

Misimbo P0601, P0604 na P0606 huandikwa na kompyuta ya injini yenyewe inapogundua kasoro katika kumbukumbu au prosesa yake, na ikirudi kila inapofutwa ni ushahidi mzito. P0602 humaanisha tu kwamba haijapakiwa programu. Msimbo U0100 ni wa aina nyingine: huandikwa na kompyuta zilizobaki zikilalamika kwamba hazipati mawasiliano na ile ya injini. Malalamiko hayo yanaweza kutokana na fyuzi iliyoungua, ethi (waya wa kurudishia umeme kwenye bodi) yenye kutu, au kukatika kwa waya wa mtandao unaounganisha kompyuta za gari, na ndiyo maana msimbo huu peke yake hautoshi kuihukumu kompyuta.

Pima umeme na ethi kwa balbu, usitosheke na multimita. Waya uliobaki na uzi mmoja tu mzima utaonyesha volti 12 kamili kwenye multimita, lakini ukidaiwa mkondo utashindwa. Chukua balbu ndogo ya volti 12, kama ile inayoangaza namba ya gari, unganisha upande mmoja kwenye chanya ya betri ndogo na mwingine kwenye pini ya ethi ya plagi ya kompyuta ikiwa imechomolewa. Balbu iwake kwa mwanga uleule inaoutoa ikiunganishwa moja kwa moja kwenye betri. Kisha geuza kipimo, upande mmoja wa balbu ukiwa kwenye hasi ya betri, ili upime pini za umeme. Kumbuka kwamba baadhi ya pini hizo hupata umeme kupitia rilei (swichi ya umeme) inayowashwa na kompyuta yenyewe, hivyo hizo zipimwe plagi ikiwa mahali pake, kwa sindano nyembamba inayoingia nyuma ya plagi kando ya waya. Kamwe usisukume ncha nene ya multimita kwenye tundu la pini kwa mbele: tundu litapanuka, na utakuwa umetengeneza hitilafu mpya ya kuja na kupotea, ambayo ni ngumu kuipata kuliko ya kwanza.

Kipimo kinachofuata ni cha volti 5 ambazo kompyuta huzigawia sensa. Sensa moja ikipiga shoti, volti hizo huanguka na sensa nyingine kwenye njia hiyohiyo hupoteza usomaji. Misimbo P0641 na P0651 huhusiana na hali hii. Weka multimita kwenye waya wa volti 5, kisha chomoa sensa moja baada ya nyingine huku ukitazama namba. Volti zikirudi mara tu unapochomoa sensa fulani, umempata mhusika, na kompyuta haina kosa. Mwisho, ili kukagua waya wa mtandao, betri ndogo ikiwa imekatwa, pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi: takriban ohmu 60 ni sawa, 120 huashiria njia iliyokatika upande mmoja, na namba iliyo karibu na sifuri huashiria shoti. Umeme, ethi, volti 5 na mtandao vikiwa sawa wakati uleule gari linapogoma, hasa likiwa na joto, hapo ndipo kompyuta inastahili kubadilishwa.

Kompyuta ya injini hutumia umeme mdogo, na kazi hii haidai kufungua sehemu yoyote ya umeme mkubwa. Hata hivyo, gari likiwa limesimama kimya huku mshale wa mizunguko ukielekea kwenye maandishi AUTO STOP, halijazimwa, na injini inaweza kuwaka mikono yako ikiwa ndani ya boneti. Zima swichi, toa ufunguo uuweke mbali, subiri dakika chache kompyuta zote zilale, kisha kata hasi ya betri ndogo. Nyaya za rangi ya chungwa usizivute wala usizisogeze. Ikibidi kuzigusa, kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa, mwenye glavu za volti 1,000.

Kompyuta mbadala lazima iwe na namba ya kifaa inayokubalika kwa gari lako. Kufanana kwa umbo si kigezo. Kabla ya kuchomoa ya zamani, ikiwa bado inawasiliana, andika namba ya chasisi, matoleo ya programu na asilimia ya uhai wa oili ya injini, ambayo utairudisha baadaye. Gusa chuma kitupu cha bodi ili kuondoa umeme tuli, fungua vizuizi vya plagi bila kutumia nguvu, kagua pini kama zina kutu ya kijani au zimepinda, kisha funga kompyuta mpya kwenye kishikizo kilekile.

Upakiaji wa programu ndio sehemu inayoharibu kazi nyingi. Programu hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji kwa namba ya chasisi, kupitia kiunganishi cha kiwango cha J2534, kinachounganisha kompyuta mpakato na gari, na usajili wa kulipia. Betri ndogo ishikiliwe na kifaa cha kutunza volti, si chaja ya kawaida, ambayo umeme wake una mawimbi yanayoweza kukatiza upakiaji. Zima taa, redio na feni, na kompyuta mpakato iwe imechomekwa ukutani.

Baada ya hapo kompyuta mpya inapaswa kutambuliwa na mfumo wa kuzuia wizi. Mashine ikishindwa kuifanya kazi hiyo, njia ya GM (General Motors, mtengenezaji wa Chevrolet) ya kipindi hicho ni kujaribu kuwasha, kuacha swichi ikiwa imewashwa kwa takriban dakika 10 hadi taa ya usalama izimike, kuzima kwa sekunde chache, na kurudia hadi zitimie mara tatu. Usifupishe muda huo. Kisha injini ipate joto lake la kazi, breki ya mkono ifungwe, na mashine iongoze kompyuta kujifunza tofauti za krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Bila hatua hii utaona P0315, na kompyuta haitatambua vizuri silinda isiyowaka.

Endesha gari mjini na kwenye barabara kuu, uhakikishe injini inajizima na kuwaka yenyewe kwenye taa za barabarani kama ilivyokusudiwa. Ikiwa jimbo lako hudai ukaguzi wa moshi, usiende siku hiyohiyo, kwani majaribio ya ndani ya kompyuta huanza upya na gari litakataliwa mpaka mashine ionyeshe kwamba yamekamilika.