Namna ya Kutengeneza Kadi za Mandhari Isiyokatika
Kadi za mandhari zinazoweza kupangwa kwa mfuatano wowote, kama zile 16 ambazo John Clark alizitoa London mwaka 1824, hutegemea kanuni moja tu: kila mstari unaofika ukingoni ufike kwa kimo kilekile katika kadi zote, kushoto na kulia.

Kata manila nene vipande vya sentimita 7 kwa 20. Kipande kimoja cha ziada kiwe kipimo: kitie alama sentimita 5 kutoka chini kwa ufuko wa ziwa, 9 kwa ng'ambo ya maji na 14 kwa mgongo wa vilima, kisha zihamishie alama hizo kwenye kingo mbili za kila kadi. Katikati chora upendavyo, mnara, daraja au mbuyu, mradi tawi lisiguse ukingo.

Rangi ndiyo hudai uangalifu zaidi, kwani mistari yaweza kukutana barabara huku buluu ya anga ikipishana. Kwa hiyo changanya rangi ya kutosha kadi zote kwa mara moja, na vivuli vyote viangukie upande mmoja. Kadi 6 pekee hutoa mipangilio 720.