Kuripoti ndoa ya karatasi kwa serikali ya Uingereza ukiwa Unguja au Pemba

Ndoa ya karatasi ni ile iliyofungwa ili mmoja apate kibali cha kuishi, bila nia ya kuishi kama mke na mume. Kuchaguliwa na wazee, kutoonana kabla ya posa au kupishana umri hakuifanyi ndoa kuwa ya karatasi. Tunalitanguliza hili makusudi: fitina ya ukoo ikiingia kwenye taarifa, anayeumia ni mke wa haki anayesubiri viza.

Sheha na afisi ya Uhamiaji ya Chake Chake hawaamui viza ya Uingereza. Taarifa hujazwa kwa Kiingereza kwenye fomu ya kuripoti makosa ya uhamiaji, katika tovuti ya serikali ya Uingereza. Si lazima utaje jina lako, na usitarajie kuambiwa kilichofuata.

Kazi kubwa ni majina. Yaandike kama yalivyo kwenye pasi ya kusafiria, yote matatu. Khamis ukimwandika Hamisi, au ukiacha jina la babu, afisa anaweza kulikosa faili au kufungua la mtu mwengine. Ongeza tarehe za kuzaliwa, siku na mahali pa nikaha, aliyeozesha, na anwani ya aliyeko Uingereza. Kisha eleza ulichokishuhudia. "Hawapendani" haimsaidii mtu. "Nilikuwepo Wete siku fulani alipokabidhiwa pesa, akasema viza ikitoka kila mtu na njia yake" inachunguzika. Ujumbe wa simu uliotumiwa wewe uhifadhi pamoja na tarehe zake. Simu ya mtu usiipekue.

Kama harusi itafungwa England au Wales, wahi. Notisi ya ndoa, yaani taarifa ya kutaka kuoana inayopelekwa kwa msajili kabla ya harusi, hukaa siku 28, na mmoja akiwa mgeni inaweza kurefushwa hadi 70 ili wachunguzwe. Msajili wa ndoa wa huko naye, kwa sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya 1999, analazimika kuripoti akiwa na sababu ya kushuku, kwa hiyo unaweza kuiandikia afisi yake moja kwa moja. Nikaha peke yake, bila usajili wa kiserikali, huko haihesabiki ndoa kisheria.

Bibi harusi akiwa analazimishwa au amenyang'anywa pasi, fomu iache kwanza. Nenda Dawati la Jinsia kituo cha polisi siku hiyohiyo, kabla hajasafirishwa.