Kuchagua SSD ya Kompyuta ya Nyumbani: Anza na Sloti, Kasi Baadaye

Kwenye boksi la SSD kuna namba moja iliyoandikwa kubwa kuliko zote: kasi ya kusoma. Hiyo iache mwisho. Haikwambii kama diski itaingia kwenye kompyuta yako, wala kama kasi yenyewe itadumu zaidi ya dakika mbili.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachohangaika huku na huku kutafuta data, na kila safari ya kichwa hicho hula milisekunde 10 hivi. SSD haina kinachozunguka. Data iko ndani ya chipu na hufikiwa kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Windows inapowaka husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, ndiyo maana kompyuta kuukuu ikiwekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Kutoka SSD ya SATA (muunganisho wa zamani) kwenda ya NVMe (muunganisho mpya wa kasi zaidi), kama kazi zako ni kuandika, kuperuzi na kutazama video, huenda usiione kabisa.

Kompyuta yako inapokea nini?

Kama ina nafasi ya diski ya inchi 2.5, unatafuta SSD ya SATA. Nyingi zina unene wa milimita 7. Laptopu iliyotengenezewa diski ya milimita 9.5 itahitaji kifremu chembamba cha plastiki ili diski isicheze. SATA ya kizazi cha tatu hukomea kama megabaiti 550 kwa sekunde. Ya kizazi cha pili hufika takriban nusu ya hapo, na bado inalipa.

Kama kuna sloti ya M.2, hapa ndipo wengi huumia. M.2 ni umbo tu. Kijiti chenye umbo hilo kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe, na sloti nyingi hukubali aina moja tu. Tazama upande wenye meno ya dhahabu: pengo moja mara nyingi ni NVMe, mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Usitegemee macho peke yake, fungua mwongozo wa ubao mama (motherboard) au wa laptopu. Angalia na urefu: 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Laptopu nyingine hupokea 2242 au 2230 tu, na kijiti kirefu hakikatwi.

Mwongozo huohuo utakuonyesha jambo jingine. Kwenye ubao mama wa aina kadhaa, ukijaza sloti ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA huzimwa. Diski yako ya zamani ikipotea ghafla baada ya kufunga mpya, ihamishie tundu jingine kabla hujatangaza kuwa imekufa. Kompyuta za zamani zaidi zinaweza kuiona NVMe kama ghala la faili lakini zikashindwa kuwaka kutoka kwake, kwa sababu BIOS yake, yaani programu ya ubao mama inayoanzisha kompyuta, haiijui.

NVMe hupitisha data kwa njia iitwayo PCIe, yenye vizazi. Ya PCIe 3.0 hufika kama megabaiti 3,500 kwa sekunde, na ya 4.0 hupita 7,000. Ya 4.0 ukiiweka kwenye sloti ya 3.0 itafanya kazi vizuri, kwa kasi ya 3.0.

Kilichomo ndani

Chipu za kuhifadhia data ziko za aina mbili kuu: za TLC huhifadhi biti 3 kwa kila seli, za QLC huhifadhi 4. QLC ni rahisi zaidi kwa bei, ila huandika polepole. Ili kuficha hilo, diski hutenga sehemu yake iwe kache ya haraka. Nakili folda ya gigabaiti 200 uone: mwanzo inakimbia, kisha kache inajaa na mstari wa kasi unaporomoka, pengine hadi chini ya megabaiti 100 kwa sekunde. Hapo hata diski ya kuzunguka inaweza kuipita. Kwa kuhifadhia michezo na filamu, QLC haina neno. Kwa diski ya mfumo, au kama unahariri video, chukua TLC. Muuzaji asiyetaja aina ya chipu, mara nyingi ana sababu.

Diski nzuri pia zina DRAM yake, kumbukumbu ndogo ya haraka, ya kuhifadhi ramani ya mahali data ilipo. NVMe isiyo nayo huazima kidogo RAM ya kompyuta, na kwa nyumbani inatosha. SATA isiyo na DRAM haina pa kuazima, na ikikaribia kujaa utaijua.

Habari ya SSD "kuisha" inatiwa chumvi. Tafuta TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali ziandikwe. TLC ya terabaiti 1 mara nyingi hupewa 600. Ukiandika gigabaiti 50 kila siku, hizo ni siku 12,000, zaidi ya miaka 32. Bora pesa yako iende kwenye ukubwa: gigabaiti 500 kwa uchache, na usiijaze hadi pomoni, acha asilimia 10 hadi 20. Terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931 kwenye Windows hujaibiwa. Ni hesabu mbili tofauti za kitu kilekile.

Kuifunga

Weka nakala ya faili zako mahali pengine. Kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa siri, imewashwa, isimamishe na uhifadhi ufunguo wake. Zima kompyuta, chomoa chaja, tenganisha betri kama inafikika, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa.

Kijiti cha M.2 huingia kwa mshazari, kama nyuzi 30. Sukuma mpaka meno ya dhahabu yazame karibu yote. Ukikiachia kitainuka chenyewe, ndivyo kilivyo. Kilaze kwa kidole, kaza skrubu bila nguvu. Skrubu hiyo ni ndogo kama punje ya mchele, basi fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe. Kama ubao una kifuniko cha kupoza, bandua karatasi ya plastiki kwenye utando wake. Ikisahaulika, diski hupata joto na kujipunguzia kasi.

Diski mpya isipoonekana kwenye Windows, huenda haijaandaliwa tu: fungua sehemu ya kusimamia diski, chagua GPT (mpangilio wa kisasa wa kugawa diski), tengeneza kizigeu, yaani sehemu ya kuwekea faili. Kama umehamisha mfumo kwa programu ya kunakili diski kama Clonezilla na kompyuta inaendelea kuwaka kutoka diski ya zamani, chomoa ya zamani kwa uwashaji wa kwanza au badilisha mpangilio wa kuwaka ndani ya BIOS. Usiifute ya zamani mpaka wiki moja ipite salama.

Usiendeshe programu za kupanga upya vipande vya faili. Kwenye SSD hazina faida na zinakula uwezo wake wa kuandikwa bure. Windows hutuma yenyewe TRIM, amri inayoiambia diski ni data ipi imefutwa. Kwa sababu ya TRIM hiyo, faili ukishaifuta ni vigumu sana kuirudisha.

Bei ikiwa ya kushangaza, jaza diski yote kwa programu ya majaribio ya H2testw kabla hujaiamini. Diski bandia hujitangaza terabaiti 2 huku ndani ina chipu ya gigabaiti 64, na huanza kuharibu faili pale tu nafasi halisi inapoisha.