Pima Cheni Kabla ya Kupanda Baiskeli Ndefu ya Gurudumu Moja
Katika baiskeli ndefu ya gurudumu moja, ambayo kiti chake mara nyingi huwa mita 1.5 hadi 1.8 kutoka ardhini, pedali hufungwa juu kwenye fremu na kulizungusha gurudumu kwa cheni. Kwa kuwa haina friwili, yaani kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke huku pedali zimetulia, cheni hiyo ndiyo breki na ndiyo mizani yako; ikikatika au ikitoka kwenye meno, huna tena namna ya kulirudisha gurudumu chini yako. Kwa hiyo nakusihi, kila mara kabla ya kupanda, ibonyeze katikati kwa kidole: ikicheza zaidi ya sentimita moja hivi, legeza nati za ekseli, vuta gurudumu sawasawa pande zote mbili, kisha ukaze tena. Urefu wenyewe hautishi kama unavyodhaniwa, kwani kitu kirefu huanza kuinama polepole na kukupa muda wa kujirekebisha. Kazi iko katika kupanda, ambako anayeanza ashike ukuta, na katika kushuka, ambako ni vyema kurukia mbele na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na mkono mmoja ukiwa umeshika kiti.