Ujasiri uanze na ile simu unayoikwepa
Ukiamua ujasiri ndio uwe dira yako, usiuache ukining'inia kama neno zuri tu. Ushushe hadi kwenye jambo moja unalolikwepa wiki hii: simu ya kuomba radhi, au ule ujumbe ulioandika ukaufuta mara tatu. Chukua karatasi, ujiulize: nisingekuwa na woga, ningefanya nini? Jibu la kwanza mara nyingi ndilo la kweli. La pili huwa limeshaanza kujitetea. Lile la kwanza lifanye asubuhi, kabla visingizio havijaamka. Sauti itakwama kidogo, viganja vitaloa jasho. Sawa tu, woga hupungua ukiwa katikati ya kazi. (Kumfokea mtu mbele za watu hakumo humu, hiyo ni hasira.) Likikushinda leo, liandike tena kesho, karatasi ile ile.