Namna ya kuendesha mikutano ya kikundi cha biashara shehiani watu wasikimbie

Ukitaka kujua kama kikundi kina uhai usiangalie mkutano wa kwanza, huo kila mtu huja, sheha (kiongozi wa shehia, yaani mtaa au kijiji, huku Zanzibar) kaja, soda zimenywewa, picha zishapanda Facebook. Angalia wa nne. Wa nne ndo unamkuta mwenyekiti, katibu na bi mmoja aliekuja kuulizia mkopo wake tu. Sababu mara nyingi ni hizo hizo, siku mbovu, maneno mengi na pesa zisizoonekana, kwa hiyo naandika hapa namna ya kupanga mikutano ya kawaida ya kikundi cha biashara na maendeleo kwa watu wa shehiani, muuza samaki, fundi charahani, mama wa mwani, mwenye duka, kijana wa bodaboda, wote.

Anza na siku. Watu wanapenda kusema "kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi" kwa sababu inasikika kiofisi ofisi, lakini kama nyie ni watu wa pwani, Paje, Jambiani, Bwejuu huko, kalenda inayoendesha biashara zenu ni ya mwezi na maji. Bamvu, yaani maji makubwa, linakuja mwezi ukiandama na linakuja tena mwezi ukiwa mpevu, siku hizo maji yanatoka mbali, asubuhi wakulima wa mwani wote wako pwani wanafunga na kuvuna, mchana wanabeba na kuanika, ikifika saa kumi mtu mgongo haumnyooki halafu wewe unamwita aje akusikilize unasoma ajenda. Hawezi kuja na akija atasinzia. Weka mkutano maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haitoki sana. Kwa hesabu nyepesi ni tarehe 8 mpaka 10 ya mwezi wa Kiislam, na wanaokutana mara mbili kwa mwezi wachukue tena 22 mpaka 24, na uzuri wake tarehe hizo wazee wanazijua bila ya kutizama simu. Wavuvi wa dagaa nao wana hesabu yao, wao wanataka giza ili taa zifanye kazi, mbaamwezi ndo wanapumzika, sasa ukiwa nao kundini pamoja na watu wa mwani kaa tarehe 9 au 10 jioni na umalize mapema, wanaotaka kushuka baharini usiku washuke.

Wenzetu wa biashara za watalii, Nungwi na Kendwa, Julai na Agosti na zile siku za mwisho wa mwaka hawashikiki, usijisumbue, fanyeni mkutano mfupi wa pesa tu. Masika, Aprili na Mei, mahoteli mengi yanafunga na watu wamekaa, mambo marefu yote, mafunzo, katiba, kuchagua viongozi, yawekeni hapo. Na Pemba karafuu zikiiva ndo kabisa, mchana watu wako juu ya mikarafuu au majamvini wanaanika, usiku wanachambua makonyo (vijiti vya karafuu) nyumba nzima na watoto. Msimu huo nakushauri mkutano uufuate uchambuzi, ikiwa wanachama wengi wako mtaa mmoja kaeni kwenye uwanja wa mmoja wao, mikono inachambua na midomo inazungumza, na tena ndo wakati mtu anakwenda kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na pesa mkononi anazo, akiba zinaingia vizuri kuliko mwezi wowote mwengine.

Saa iwe baada ya Alasiri, ianze saa kumi na nusu, na kabla ya Magharibi kila mtu awe kwake. Saa moja na robo inatosha. Ijumaa iache. Ramadhani wengine wanakutana baada ya tarawehe, wanawake wengi hawawezi, bora kufanya mara moja mwezi mzima.

Pahala: darasa la skuli baada ya watoto kutoka ni pazuri, muombe mwalimu mkuu kwa barua na mrudishe madawati yalivyokuwa. Nyumbani kwa mwenyekiti hapana. Mkikaa kwake mara tatu kikundi kishakuwa chake, na mtu aliegombana na mke wa mwenyekiti hatokuja tena.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye moto. Kama kikundi chenu kinaweka na kukopeshana, pesa iwe jambo la kwanza kwenye mkutano, kabla ya maneno yoyote. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana kwa sanduku ulianzishwa na shirika la misaada la CARE huko Niger mwaka 1991 na huku Unguja umepitia vijiji vya upande wa Jozani kabla ya kuenea, na uzuri wake wote uko kwenye kitu kimoja tu, kila mtu anaona. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, na mtunza sanduku mwenyewe hana hata mmoja. Likifunguliwa, wahesabu wawili wanahesabu kwa sauti, mtu anaitwa kwa namba yake, anakuja mbele, anatoa pesa za hisa, yaani akiba yake, anagongewa muhuri kwenye kitabu chake mbele ya macho ya wote, anarudi kukaa. Mwisho katibu anasema sandukuni mna kiasi gani na kila mmoja anakikariri kichwani, na mkutano unaofuata kabla ya kuhesabu unauliza: jamani tuliacha shilingi ngapi? Wakijibu wote kwa pamoja mko salama. Wakianza kutizamana na wakimtizama katibu, hapo pana kazi ya kufanya.

Siku hizi watu wanatuma kwa simu na kukaa nyumbani. Kwa dharura sawa, ila mkiruhusu iwe kawaida mkutano umekufa, mtu kisha kutuma atakuja kufanya nini.

Na lipo suala la riba, lisemeni mapema. Nimeona watu wanaliruka kwa haya halafu miezi sita mbele wanachama wanajitoa mmoja mmoja bila ya kusema sababu. Wapo wanaokopeshana bila ya nyongeza yoyote na gharama za madaftari na nauli wanachangishana sawa sawa, wapo ambao kikundi kinamnunulia mtu bidhaa, tuseme cherehani au mzigo wa unga, kinamuuzia kwa bei iliyopanda kidogo na analipa polepole, bei ikishakubaliwa haiongezeki hata akichelewa. Muiteni maalim mnaemuamini, mumsikilize, mkate shauri siku hiyo hiyo na muandike kwenye katiba.

Baada ya pesa zinakuja ahadi. Katibu awe na ukurasa wenye vitu vitatu tu, nini, nani, lini. Mfano: "mizani ya kikundi ipelekwe kupimwa, mwenye duka la juu, kabla ya bamvu lijalo". Pesa zikimalizika unasoma mistari hiyo, kila mwenye jina lake anajibu nimefanya au sijafanya, hotuba hapana. Huu ukurasa ndo unaorudisha watu. Mtu anaejua ataitwa jina lake mbele za watu ama atafanya ama atakuja na udhuru wa kueleweka, na wengine watakuja kusikiliza udhuru wenyewe, binadamu ndo hivo.

Kisha mada moja ya biashara. Moja. Mfano mna kina mama wanotengeneza sabuni ya mwani na wanataka kuingiza kwenye maduka ya Mji Mkongwe, basi siku hiyo ni sabuni tu, bei yake, karatasi ya kufungia, nani ataipeleka, na mkutano wa mbele yake mumuite mtu wa ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, aeleze habari za alama ya ubora. Mgeni wa taasisi, awe wa ZRA (mamlaka ya mapato), wa ZEEA (wakala wa kuwezesha wananchi kiuchumi) au wa benki, aandikiwe barua wiki mbili kabla, nakala kwa sheha, na barua iwe na maswali yenu matatu mliyoyaandika wenyewe. Asiepewa maswali atakuja na hotuba aliyoitoa Micheweni juzi. Apewe dakika 20, akichelewa nyie endeleeni na ya kwenu, atakuta mmefika pahala na atajiunga.

Mwenyekiti asizungumze mwanzo. Aulize, na aanze na kijana au mama aliekaa nyuma kwenye mkeka, kwa sababu mzee mwenye sauti akishasema, vijana wote watasema "kama alivyosema mzee" na mkutano umekwisha hapo. Na mzee mwenyewe akianza safari ya kutoka karafuu za zamani mpaka mapinduzi, usimkate mdomo, mwambie "mzee wangu niwie radhi, hili lako zito naomba katibu aliandike tulianze nalo mkutano ujao", na kweli uliandike na kweli ulianze nalo, la sivyo mara ya pili haikubali hiyo dawa.

Mengineyo yapewe dakika 10. Mtu mwenye jambo la mengineyo alitaje kabla ya mkutano kufunguliwa, lililoletwa dakika ya mwisho lisubiri, nazungumza mambo ya fulani kamwambia fulani, hayo yana barza yake.

Kundi la WhatsApp liwe la kukumbushana. Siku moja kabla, katibu anatuma sauti, fupi, kwa sababu wapo wasiosoma na wapo wasiokuwa na muda wa kusoma: kesho saa kumi na nusu, skuli, mada ni hii, hawa na hawa wana ahadi. Ugomvi wa pesa ukianzia humo mwambie mtu alete mkutanoni na ufunge mada.

Siku akidi haikutimia, tuseme mko 30 na wamekuja 11, msipitishe jambo lolote. Pokeeni hisa za waliokuja, someni ahadi zao, andikeni nani hayupo na mkanyweni kahawa, faini ya asiekuja bila ya udhuru ikatwe kama ilivyoandikwa, hata kama aliekosa ni mwenyekiti.